Wasanii wenzangu, tuache kusafisha studio kabla ya kazi (uzi mrefu, vumilieni)

#1 kanvasi_ya_mbuya

Jameni habari za wikendi. Kuna hizi video zinarushwa siku hizi za mtu kutuonyesha studio yake, ukuta mweupe pee, brashi zimepangwa kwa urefu kama askari wa paredi, chupa zote za rangi zinaangalia upande mmoja, kaua kwenye kikombe, na katikati pale kanvasi moja haina hata alama ya penseli. Chini kwenye komenti watu wanalia tu, natamani, natamani. Mimi nauliza swali dogo, kazi inafanyikia wapi hapo?

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kupigana ajipange. Mtu anayechora kila siku, fujo ya mezani ni sehemu ya kazi yake, na usafi mwingi tunaofanya asubuhi kabla hatujaanza ni ujanja wa kukwepa kuanza. Mnaujua huo ujanja msijifanye. Umeamka na mpango wa kumalizia uso wa yule mama muuza ndizi, pua imekataa kukaa tangu wiki jana, unafika unaona meza unasema wacha nipange kidogo tu, unapanga, unafagia, unaosha machupa, unagundua njano imeisha unapanda boda kwenda mjini kununua, kurudi ni saa nane, mwanga umehama dirishani na yule mama bado hana pua. Lakini ukiulizwa unasema leo nimefanya kazi sana! Mwili umechoka kweli, hiyo ndio shida yake, uchovu unakudanganya.

Meza yangu ninavyoandika hivi iko hivi. Kona moja vipande vya lubugo vilivyobaki kwenye kazi ya zamani (nyinyi wa Kenya na Tanzania mlioko humu, lubugo ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba, gome linabanduliwa, linachemshwa, linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linatanuka linakuwa laini, likianikwa juani linageuka rangi ya udongo mwekundu, UNESCO waliitambua kazi hiyo mwaka 2005). Juu ya lubugo kuna vifuniko vya ndoo ninavyochanganyia rangi za akriliki. Hivyo sivioshi. Akriliki ikikauka kwenye plastiki inakuwa ngozi, unaingiza kucha pembeni unaivuta inatoka nzima kama ilivyo, na mawimbi yake yote ya brashi. Sasa ngozi moja ya buluu iliyoingiliana na kijani, buluu ya ziwa pale mvua inapokuja kutoka upande wa visiwani, ilibanduka yenyewe ikaangukia kwenye lubugo. Buluu ile juu ya wekundu wa gome ilikuwa inatetemeka machoni wallahi. Nisingekaa chini nikafikiria kuziweka pamoja, maana kichwani kwangu lubugo ilikuwa imeshapangiwa nyeusi na kahawia basi. Sa hii nina kazi tatu zinatoka kwenye ajali hiyo moja.

Ingekuwa ni kwenye hizo studio za video, kifuniko kingeshaoshwa na lubugo iko kwenye droo imeandikwa lebo.

Na mimi si wa kwanza. Francis Bacon, yule mchoraji mzaliwa wa Dublin, alifanyia kazi kwenye kachumba ka juu pale 7 Reece Mews, London, tangu 1961 mpaka alipofariki 1992. Picha zake zipo mtandaoni, tafuteni muone. Sakafu haionekani, ni magazeti yaliyochanwa, vitabu, picha zilizokanyagwa, makopo, na rangi alikuwa anajaribishia kwenye ukuta na mlango badala ya paleti. Kuna wakati alinunua studio nyingine nzuri karibu na hapo, mwanga safi, akatandika na mazulia, akashindwa kabisa kuchora ndani yake akarudi kwenye jalala lake. Alipokufa ile studio ilipelekwa nzima Dublin, jumba la sanaa la Hugh Lane, wakaita mpaka wanaakiolojia wachore ramani ya kila kitu kilikuwa wapi, vitu zaidi ya 7,000, na vumbi wakabeba, ikafunguliwa kwa watu 2001. Wanaakiolojia! Kwa chumba cha mtu aliyekufa juzi tu! Lakini nawaelewa, maana zile picha zilizokunjwa na kukanyagwa ndizo zilikuwa zinamzalia sura zake zile zilizopinda.

Na kuna utafiti watu wanapenda kuutaja, wa Kathleen Vohs na wenzake, Chuo Kikuu cha Minnesota, 2013. Waliweka watu wengine chumba nadhifu wengine chumba cha fujo, wakawaambia wabuni matumizi mapya ya kale kampira ka tenisi ya mezani. Idadi ya mawazo ikalingana, ila ya chumba cha fujo yakaonekana ya kibunifu zaidi. Wa chumba nadhifu wao walichagua tufaha kuliko chokoleti na wakatoa hela zaidi za msaada. Sitaki kuuegemea sana huo utafiti kwa sababu kuna wengine baadaye walipima jambo hilohilo hawakuona tofauti, 2019 hivi. Mimi hoja yangu haihitaji maabara. Vitu vikiwa wazi mbele ya macho vinagongana. Vikiwa kwenye droo havigongani. Basi.

Karibuni, na wale wa usafi pia karibuni ila vueni viatu, hapana, natania, msivue, kuna pini za kanvasi chini.

#2 nadhifu_wa_ntinda

Dada kanvasi, nimesoma yote, umeandika vizuri ila umetupiga na mchoraji mmoja mlevi wa London kama vile ndio sheria. Nami nikupe wangu. Piet Mondrian, pale Paris, rue du Départ, miaka ya 1920, studio ilikuwa nyeupe, kwenye kuta amebandika makaratasi ya rangi ya mstatili anayahamisha hapa na pale mpaka yatulie. Alikuwa na ua moja la bandia, tulip, jani lake akalipaka rangi nyeupe kwa sababu kijani kilikuwa kinamsumbua. Jani la ua la bandia! Sasa huyo ungemwambia anakwepa kazi? Chumba kile ndio kazi yenyewe ilikuwa.

Mimi nachora na pia nafanya dizaini, wateja wanakuja mpaka nyumbani. Mteja akiingia akakuta vifuniko vya ndoo na magome anaanza kupunguza bei kabla hajakaa. Hapa Kampala msanii tayari anaonekana mtu aliyekosa kazi ya maana, wewe unataka tuwathibitishie?

#3 kanvasi_ya_mbuya

Hiyo ya Mondrian umenipata, siwezi kukana, na jani lile nalijua. Ila angalia umesema nini: makaratasi yalikuwa ukutani, yanahamishwa, yanaonekana. Hakuyafungia. Wake ulikuwa mchezo uleule wa vitu kugongana, sema vyake vilikuwa na pembe nne. Ninaowasema mimi ni wale wanaopanga ndio wapumzike.

Ya wateja nakubali nusu. Mteja simleti mezani, namkalisha barazani, kazi zilizokamilika ziko upande ule, amekunywa chai ameona amelipa. Kwani ukienda hoteli unaingizwa jikoni?

#4 mama_shanga_jinja

Mimi natengeneza shanga za karatasi, nina akina mama wengine watano tunakaa pamoja. Naomba niwaambie nyinyi wachoraji mnajidekeza sana 😂

Shanga ukileta fujo umekwisha. Karatasi inakatwa pembetatu ndefu nyembamba, upana wa chini ndio unaamua urefu wa shanga, sasa vipande vya saizi mbili vikichanganyika unakuja kugundua ukiwa umeshaviringisha mia mbili na mkufu wote umepinda. Unaviringisha kwenye kisindano kuanzia upande mpana, gundi kidogo kwenye ncha, alafu unatunga kwenye nyuzi, unachovya varnishi, unaning'iniza zikauke zisigusane. Zikigusana zinaganda. Upepo ukivuma kwenye vipande vilivyokatwa ambavyo havijawekewa jiwe, siku yote imeenda. Kila saizi na trei yake, kila rangi na kopo lake. Na sakafu tunafagia mara mbili kwa siku kwa sababu shanga ikianguka mtoto anatia mdomoni.

Lakini kuna fujo naikubali. Ile lundo la karatasi zenyewe kabla hazijakatwa, kalenda za zamani, mabango ya kampeni, maboksi, magazeti, pale sipangi. Tunamwaga katikati mkeka mzima kila mtu anachokoa. Ukipanga kwa rangi kabla, kila mtu anachukua nyekundu na manjano. Ukimwaga, mtu anajikuta ameshika bango la mgombea uso wake wa kahawia na shati la buluu, akiviringisha inatoka shanga ambayo hakuna mtu angeitafuta.

#5 kanvasi_ya_mbuya

Mama shanga umesema kitu ambacho mimi nilikosa kukisema. Mwanzo wa kazi umwagwe, mwisho wa kazi upangwe. Kwenye kuchora hizo sehemu mbili zinaingiliana siku moja, asubuhi unatafuta jioni unamalizia, ndio maana naonekana mchafu saa zote.

Na hapo lazima tumtaje mzee Sanaa Gateja, wanayemwita mfalme wa shanga, shanga za karatasi anazishona kwenye lubugo mpaka zinakuwa ukuta mzima wa rangi. Ukikaribia unakuta kila kadoa ni karatasi ambayo mtu alishaitupa.

#6 chuma_cha_katwe

Habari za humu. Mimi nachomelea, mchana mageti na madirisha, jioni nachonga ndege na ng'ombe kwa vyuma chakavu. Nikwambieni, lundo la vyuma ndio bosi wangu. Sianzi na mchoro. Nazunguka lundo na chai yangu naangalia, cheni ya pikipiki, springi, meno ya gia, fokoo ya baiskeli, nikiona fokoo imelala hivi naona shingo ya ng'aali, yule korongo wa bendera, ndio naanza. Kuna kijana aliajiriwa hapa na bosi akaamua kutusaidia, akapanga vyuma vyote kwa aina, cheni na cheni, springi na springi. Kazi nzuri kweli, kwa mageti ilitusaidia. Ndege sikutengeneza hata mmoja mpaka lundo lilivyorudi kuwa lundo.

Ila, na hii ni ila kubwa: waya wa mashine, kebo za moto na hose, hizo haziruhusiwi kulala ovyo. Na matambara ya mafuta hayakai karibu na cheche. Katwe tumebanana, moto ukianzia kwako unaenda na kumi.

#7 mwanafunzi_kikoni

Samahani naomba kuuliza. Nyinyi wote mnaongea kama mnazo studio. Mimi nasoma sanaa Makerere nakaa hosteli Kikoni, chumba tunakaa wawili, mwenzangu anasomea uhasibu 😭. Meza ni moja. Nikiacha rangi nje usiku anakunja uso wiki nzima. Fujo yangu naiweka wapi? Kitandani?

#8 kanvasi_ya_mbuya

Mdogo wangu usilie. Kwanza hiyo shule unayosoma yenyewe ilianzia barazani. Margaret Trowell miaka ya 1930 alianza kufundisha watu kuchora kwenye baraza la nyumba yake huko Mulago kabla chuo hakijampa nafasi, na hapo ndipo baadaye wakapita watu kama Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanganyika. Na Gregory Maloba, aliyetengeneza lile sanamu la uhuru la 1962 pale mjini, alikuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo nafasi ndogo ni asili yetu, usione aibu.

Mimi nimekaa kwenye muzigo wa chumba kimoja miaka mingi, kitanda, jiko, kanvasi, vyote humo. Nilichofanya ni hiki. Tafuta plaiwudi kipande cha kutosha meza yenu, waombe mafundi wanaokata milango wakuuzie mabaki. Pembeni pigilia vibao vidogo kuzunguka, viinuke vidole viwili hivi ili vitu visimwagike. Hiyo ndio meza yako. Unaiweka juu ya meza, unafanya fujo yako yote humo ndani, usiku unaibeba kama ilivyo, brashi tu ndio unatoa na kuosha, unaisukuma chini ya kitanda. Asubuhi unaivuta, kila kitu kiko palepale ulipokiacha, hata lile wazo uliloachia nusu, unalikuta limelala kati ya kopo na mkasi. Mwenzako wa uhasibu anapata meza yake safi. Ila hakikisha rangi zimekauka ama zimefunikwa, na kama unatumia tapentaini hiyo hailali chumbani mnamolala watu, chupa inafungwa inatoka nje. Harufu yake si ya kuzoea, inaumiza kichwa kwa sababu unavuta sumu.

Na piga picha ya meza kwa simu kabla hujahamisha chochote. Inasaidia sana siku mtu akivuruga.

#9 mwanafunzi_kikoni

Asante sana dada. Vibao vya pembeni sikuwahi kufikiria. Kesho naenda kwa mafundi.

#10 arua_boy

Mko Kampala mnaongea fujo, njooni huku West Nile mkutane na mchwa. Karatasi ukiiacha sakafuni kwenye nyumba ya udongo au hata sementi yenye ufa, mwezi haujaisha unainua lundo unakuta juu pazuri, katikati vumbi. Wanakula kimya kimya kutoka chini. Ninazo picha za wino ambazo zimebaki fremu tu. Kwa hiyo mimi fujo yangu iko juu ya matofali. Nimepanga matofali, juu yake mbao, na hizo mbao hazigusi ukuta kabisa, nimeacha nafasi mkono unapita, kwa sababu mchwa wakipanda lazima wajenge kile kinjia chao cha udongo, ukiangalia matofali asubuhi unakiona unakivunja. Juu ya mbao vurugeni mnavyotaka.

Na msimu wa mvua karatasi za rangi za maji zisilale zikiwa zimebanana, zinaota ukungu, yale madoa ya kahawia hayatoki.

#11 kanvasi_ya_mbuya

Hii ya matofali ni dhahabu. Kampala mchwa si wengi kihivyo kwangu ila mende wanakula gundi ya unga kwenye kolaji, na panya wanapenda lubugo sijui kwa nini, labda kutandika.

#12 senga_noor

Mimi si msanii, mimi ndiye yule anayekuja kuwatembelea na kuwasafishia 😂😂 Mpwa wangu anachonga, nilifika kwake Bombo nikakuta ni vumbi la mbao mpaka kwenye sukari, nikasema mtoto huyu anaumwa, nikafunga kanga nikapiga kazi kutwa. Aliporudi alinisalimia vizuri, akaniandalia chakula, hakusema kitu. Wiki ileile mama yake ananipigia simu anacheka, ananiambia nimetupa vibanzi alivyokuwa amechagua kwa nyuzi za mbao. Sasa mtu atajuaje? Vibanzi ni vibanzi! Wekeni basi alama.

#13 kanvasi_ya_mbuya

Senga, pole na asante kwa usafi, nia ilikuwa njema. Na huyo mpwa ana adabu, mimi ningelia. Lakini unasema kweli, sisi ndio wa kuweka alama. Kwangu nimechora mstari wa chaki sakafuni, ndani ya mstari ufagio wa mtu mwingine hauingii, nje ya mstari ni nyumba ya kawaida, mgeni akifagia namshukuru. Watoto wa jirani nao wanaujua, wanasimama palepale kwenye chaki wanachungulia. Sukari lakini isiwe ndani ya mstari, hapo niko na wewe, kuna rangi zenye madini ya sumu, kadimiamu na risasi, mtu hali chakula mezani anapochorea hata awe msanii namna gani.

#14 nadhifu_wa_ntinda

Naona mnashangilia tu, hakuna anayetaja moto isipokuwa fundi wa Katwe. Dada wewe unachora na mafuta pia, umetuonyesha zamani. Yale matambara unayofutia unayatupa wapi? "Fujo ya kibunifu" ni hayo hayo yamejikunja kwenye kona.

#15 kanvasi_ya_mbuya

Swali zuri na hapa sina mzaha. Tambara lililolowa mafuta ya kitani ya kuchorea, yale linseed, likikunjwa likaachwa kwenye kona au kwenye kavera (mfuko wa plastiki) linaweza kuwaka lenyewe. Hakuna kiberiti, hakuna cheche. Mafuta yale hayakauki kwa kupotea hewani kama maji, yanakauka kwa kushika oksijeni, na yanapoishika yanatoa joto, tambara likiwa limekunjwa joto halina pa kutokea, linajilundika mpaka linawaka, pengine saa kadhaa baada ya wewe kuondoka umelala. Likitandazwa peke yake kwenye kamba nje, joto linapotea, linakauka linakuwa gumu basi. Kwa hiyo kwangu ama linaanikwa nje limetandazwa moja moja, ama linaingia kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko. Kila jioni, hata nikiwa nimechoka, hata umeme ukiwa umekatika natumia tochi ya simu.

Na brashi za akriliki hazingoji hata dakika kumi, zikikauka hazirudi. Haya mawili hayana uhuru kwangu, sijali Bacon alifanya nini.

#16 nadhifu_wa_ntinda

Haya, hapo nimekuheshimu. Sikujua hiyo ya kujiwakia. Nina matambara kwenye boksi, vizuri kabisa, yamekunjwa 😬 natoka kuyatoa sasa hivi.

#17 kanvasi_ya_mbuya

Hahaha! Nadhifu amekunja! Toa haraka ssebo.

#18 bulungi_writer

Mimi naandika tu, fujo yangu iko kwenye laptopu, madirisha yamefunguliwa mpaka maandishi ya juu hayasomeki. Ila naongeza moja, Alexander Fleming 1928 alirudi likizo akakuta ukungu umeota kwenye visahani alivyoviacha maabara, bakteria pembeni wamekufa, tukapata penisilini. Angekuwa nadhifu tungekufa.

#19 mama_shanga_jinja

Sasa huyo si msanii, huyo daktari.

#20 bulungi_writer

Mama, huyo huyo alikuwa anachora kwa bakteria! Anawapanda kwenye kisahani kwa mistari, kila aina ina rangi yake ikikua, siku ya pili kunatokea picha ya mtu au nyumba. Kwa hiyo hesabuni mnavyotaka.

#21 mtu_wa_kawaida_tu

Nimesita kuandika. Mimi nilikuwa nachora, sasa sijagusa kitu muda mrefu. Chumba kiko fujo lakini si hii mnayosema. Vyombo, nguo, kanvasi zimegeukia ukuta. Nikisoma hapa "fujo ni sehemu ya kazi" naona kama najipa kisingizio. Mnatofautishaje?

#22 kanvasi_ya_mbuya

Ndugu yangu asante kwa kuandika, na hili ndilo swali lenyewe la uzi huu, mengine yote ni porojo zetu.

Mimi naangalia vumbi. Kitu kikiwa mezani na hakina vumbi, kimeshikwa wiki hii, kinasogea, kiache hata kiwe kibaya namna gani. Kikiwa na vumbi kimelala, kitoe. Fujo ya kazi inabadilika kila siku, ukipiga picha Jumatatu na Ijumaa hazifanani. Ile nyingine inafanana mwezi mzima, inaongezeka tu juu. Na vyombo na nguo sivihesabu humo kabisa, hivyo si vya msanii, ni vya mtu, na mtu akishindwa kuviosha muda mrefu mara nyingi kuna kitu kimemwelemea. Hapo usijilaumu kwa uvivu. Mwambie mtu wako wa karibu, na kama kuna kituo cha afya unachokiamini mwambie mhudumu wa pale usingizi wako na hamu ya kula vikoje, ni sababu tosha ya kwenda.

Kwa chumba, ukipata nguvu kidogo, usisafishe chote. Safisha upana wa kanvasi moja tu. Geuza moja iangalie nje. Usichore, iache ikuangalie siku kadhaa.

#23 nadhifu_wa_ntinda

Nisaidie hapo kwenye vumbi, si huyo Bacon wako alikuwa anapaka na vumbi kabisa?

#24 kanvasi_ya_mbuya

Ndio, kuna mchoro wa 1945 aliokota vumbi sakafuni akalipaka kwenye rangi mbichi ili suti ya kijivu ionekane ya kitambaa. Sawa, vumbi likitumika linahesabiwa rangi. Lakini wewe unatafuta ugomvi tu, umeshatoa matambara?

Na niongeze kitu kuhusu huyo huyo maana nimeona mtu inbox ananiambia natukuza uchafu. Ndani ya ile studio walikuta kanvasi kama 100 amezikata kwa kisu, hazikumridhisha. Kwa hiyo alikuwa anaruhusu kila kitu kulala sakafuni, ila kazi mbaya hakuiruhusu itoke mlangoni. Na chumba chake cha kulala, palepale mlango wa pili, kilikuwa kimetulia hakina makuu. Alijua mstari wake wa chaki uko wapi.

#25 mtu_wa_kawaida_tu

Nimegeuza moja. Ni picha ya dada yangu, sikumbuki hata niliishia wapi. Asanteni.

#26 chuma_cha_katwe

Vizuri ndugu. Ukipita Katwe uliza wanaotengeneza ng'aali, utaonyeshwa, chai ipo.

#27 mwanafunzi_kikoni

Mrejesho: plaiwudi nimepata, fundi amenipigia na vibao bure kwa sababu nilimchora akiwa anakata. Chini ya kitanda inaingia ila kopo la brashi ni refu inabidi nilitoe kila siku. Na mwenzangu wa uhasibu ameomba tumtengenezee yake ya risiti. Dada kanvasi, vibao vya pembeni unapigilia misumari au gundi? Vyangu viwili vimeshaanza kuachia.

#28 kanvasi_ya_mbuya

Vyote viwili mdogo wangu. Gundi nyeupe ya mbao kwanza, unabana na kamba usiku kucha, asubuhi ndio misumari midogo kutokea chini. Na toboa kwanza kwa msumari mwembamba, la sivyo plaiwudi inapasuka pembeni.